Mechi Tatu, Pointi Sifuri

Mtume Paulo hakuona haya kuchukua mifano yake viwanjani. Alipowaandikia Wakorintho alizungumzia wakimbiaji wanaoshindania taji na mabondia wanaopiga hewa, na wasomaji wake walimwelewa upesi kwa sababu michezo ya namna hiyo ilifanyika jirani na mji wao. Naomba ruhusa hiyohiyo. Najua wako washarika wanaoamini kwamba mpira wa miguu hauna nafasi katika kitabu cha imani, na baadhi yao ni wazee ninaowaheshimu sana. Nawaomba wanivumilie kurasa chache, maana jambo ninalotaka kulijadili ni la kanisani na nyumbani kabla ya kuwa la uwanjani: tumtendeeje mtu aliyeanza vibaya? Na je, kuendelea kumtumainia ni imani, au ni ukaidi tu uliovaa kanzu ya imani?

Mimi ni shabiki wa Arsenal. Kwa wasiofuatilia, hii ni klabu ya kaskazini mwa London ambayo mwaka 2004 ilichukua ubingwa wa Uingereza bila kupoteza hata mechi moja kati ya 38, kisha ikaanza kutufundisha subira. Kufika mwaka 2021 ilikuwa imepita miaka 17 bila ubingwa mwingine. Misimu miwili mfululizo ilimaliza nafasi ya nane. Kocha wake kijana, Mikel Arteta, alikuwa ametupa Kombe la FA mwaka 2020 na sababu nyingi za kukuna kichwa.

Msimu mpya ulianza Ijumaa tarehe 13 Agosti 2021, saa 4 usiku kwa saa za kwetu. Arsenal ilikuwa ugenini kwa Brentford, timu ndogo iliyokuwa inarudi daraja la juu baada ya miaka 74. Ikafungwa 2-0. Jumapili ya tarehe 22 wakaja Chelsea na Romelu Lukaku wao, naye akawa anawasukuma mabeki wetu kama milango isiyo na komeo. Tukafungwa tena 2-0, nyumbani. Jumamosi ya tarehe 28 tukaenda kwa Manchester City, Granit Xhaka akapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na mechi ikaisha 5-0. Mechi tatu, mabao tisa ya kufungwa, la kufunga hata moja. Halafu ligi ikasimama kwa wiki mbili kupisha timu za taifa, na kwa wiki mbili nzima msimamo ulibaki umeganda hivyo: Arsenal ya 20 kati ya timu 20.

Anayejua vibanda vyetu vya kuonyeshea mpira anaweza kukisia maneno yaliyosemwa siku zile. Wapo waliosema imekwisha, kocha aondoke, timu inashuka daraja. Wapo waliosema bado mapema, msiwe na wasiwasi, msimu ni mrefu. Na wapo wachambuzi, wale wa redioni na wale wa kijiweni, ambao hawakusema imekwisha wala bado. Wao walikuwa na maelezo. Kila kipigo kilikuwa na sababu moja kubwa ambayo wao waliiona tangu zamani. Hawa hunikumbusha marafiki wa Ayubu. Watu wale walifanya jambo jema kabisa mwanzoni: waliketi na mwenzao chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua vinywa kueleza kwa nini amepatwa na yale.

Ukweli wenyewe ulikuwa wa kawaida na usio na mvuto wa kuusimulia. Siku ya Brentford washambuliaji wawili wakubwa, Aubameyang na Lacazette, walikuwa wagonjwa. Beki Gabriel na kiungo Thomas Partey walikuwa majeruhi. Ben White, aliyenunuliwa kiangazi kile kuja kushika ulinzi, alikosa mechi ya Chelsea na ya City kwa sababu ya korona. Mechi mbili kati ya tatu zilikuwa dhidi ya bingwa wa Ulaya na bingwa wa Uingereza. Hayo yote yalijulikana. Lakini ukiwa na hofu hutafuti mambo yanayojulikana. Unatafuta hukumu, maana hukumu, hata iwe mbaya, inapumzisha moyo kuliko kusubiri.

Sasa nifike kwenye siku iliyonifanya nifikirie haya yote. Tarehe 11 Septemba ligi iliporudi, Arsenal ilikuwa nyumbani dhidi ya Norwich City. Norwich ni klabu ya mashariki mwa Uingereza. Jezi zake za njano na kijani zingewafanya watu wa Jangwani wajisikie nyumbani. Walikuwa wamepanda daraja kwa ubingwa wa daraja la pili, kisha wakamuuza mchezaji wao bora, Emiliano Buendía, kwa Aston Villa. Nao walikuwa wamecheza mechi tatu wakapoteza zote. Walifungwa mabao kumi na wakafunga moja, la penalti. Ukitoa hesabu, Arsenal na Norwich walikuwa sawasawa kabisa: pointi sifuri, tofauti ya mabao hasi tisa. Ile penalti moja ndiyo iliyowaweka Norwich nafasi ya 19 na sisi ya 20.

Hebu mfikirie shabiki wa Norwich aliyesafiri kwenda London Jumamosi ile. Simjui, lakini namfahamu. Alikuwa na hesabu ileile niliyokuwa nayo. Alijiambia maneno yaleyale: bado mapema, timu itaungana, kocha apewe muda. Kama alikuwa mtu wa sala, yumkini alisali pia, na kwa Mungu yuleyule. Mechi ikaanza saa 11 jioni kwa saa zetu. Kipindi cha pili mpira ulirukaruka mbele ya goli lao, ukagonga mwamba, Aubameyang akausukuma wavuni kutoka karibu kabisa. 1-0. Mwamuzi akasubiri VAR ithibitishe kwamba si kuotea, ikathibitisha. Kibandani kwetu watu walikumbatiana kama walioletewa habari ya mgonjwa kupona.

Kutoka siku hiyo njia zikaachana. Arsenal ilishinda tena, ikashinda tena, ikaifunga Tottenham 3-1 kabla ya mwezi kwisha. Norwich ilipata ushindi wake wa kwanza wa ligi Novemba, na siku hiyohiyo ikamfukuza kocha wake, Daniel Farke. Haikusaidia. Desemba 26, siku ya pili ya Krismasi, Arsenal ilikwenda kwao ikawafunga 5-0. Msimu ulipokwisha Norwich ilikuwa ya mwisho, pointi 22, ikashuka daraja.

Ninaloliuliza ni hili. Je, tumaini langu lilikuwa bora kuliko la yule shabiki wa Norwich? Ukisema ndiyo, kwa sababu langu lilitimia na lake halikutimia, basi umesema kwamba tumaini ni aina ya utabiri, na aliyepatia ndiye mwenye imani. Nimesikia ushuhuda mwingi makanisani uliojengwa juu ya msingi huo. Mtu anasimama, anasema alikuwa hana kazi, hakukata tamaa, akapata. Tunapiga makofi na ni haki tupige, kwa maana kushukuru ni wajibu. Lakini safu mbili nyuma yake ameketi dada ambaye pia hakukata tamaa, aliomba kwa maneno yaleyale na kwa machozi zaidi, na hakupata. Tukilifanya tumaini kuwa jambo la matokeo, dada yule anatoka kanisani akiwa amepoteza mara mbili: amekosa kazi, na sasa anaambiwa kwa chinichini kwamba hata imani yake haikufika.

Nabii Habakuki alianza kitabu chake kwa kumlilia Mungu, akiuliza atalia mpaka lini. Akakimaliza kwa kusema kwamba hata mtini ukikosa kuchanua na zizi likabaki bila ng'ombe, yeye atamfurahia Bwana. Hakusema zizi litajaa. Wahubiri wengi tunaruka hapo haraka, tunapenda kuongeza mwisho wetu, wa ng'ombe kurudi.

Kuna namna ya tumaini ambayo vijana wetu wanaijua vizuri kuliko mimi, nayo ni mkeka. Kijana anachagua mechi zake saba au nane, anaweka dau lake, anangoja. Mkeka una tarehe na una bei. Ukichanika, tumaini limekwisha na fedha imekwenda. Ukitiki, anakwenda kuweka mwingine. Kanisa limekemea kubeti na mimi naunga mkono, nikiwa nimeona ada za shule zikiishia huko. Ila nadhani tumeukemea mkeka wa mpira tukaacha mkeka wa sadaka. Anayetoa akiwa amemwekea Mungu tarehe na kiasi cha kurudishiwa, halafu akakasirika isipotimia, hana tofauti kubwa na yule wa kibandani, isipokuwa kwamba yule wa kibandani anajua anachokifanya.

Nirudi kwa wale waliokuwa wakisema bado mapema, maana wao huonekana ndio wenye imani, na mimi nilikuwa nawapenda kwa sababu waliniruhusu nilale. Kwa haki yote, hawakuwa sahihi. Msimu ule Arsenal ilimaliza ya tano ikiwa na pointi 69. Tottenham ilimaliza ya nne na pointi 71, ikaenda Ligi ya Mabingwa Ulaya, sisi tukabaki nje. Pointi mbili. Kama Arsenal ingeshinda hata mechi moja kati ya zile tatu za Agosti, ingemaliza na 72. Zile mechi hazikuwa mazoezi. Pointi za Agosti zinahesabiwa Mei kwa uzito uleule, na hakuna ushindi wa baadaye uliozirudisha. Ulileta pointi zake wenyewe tu.

Nasema hivyo kwa sababu tunayo tabia ya kumfariji mtu kwa kumwambia kwamba lililotokea si kitu. Mume na mke walioana mwaka jana, nyumba imeshaanza kuwa na ukimya mbaya, nasi wazee tunasema ni mwanzo tu, mtazoeana. Labda. Lakini maneno waliyokwisha kuambiana yamesemwa, na yatahesabiwa. Anayesema imekwisha na anayesema si kitu wanafanana kwa jambo moja: wote wawili hawataki kuitazama hali jinsi ilivyo. Mmoja anaifunga kwa kaburi, mwingine kwa pazia.

Yesu alisimulia mfano ambao kwangu unalijibu jambo hili kuliko hotuba nyingi. Umo katika Luka 13. Mtu alikuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Alikuja kutafuta matunda miaka mitatu, hakupata. Akamwambia mtunza shamba aukate, kwani unakaa bure kwenye ardhi. Mtunza shamba akaomba uachwe mwaka huu pia, ili aupalilie pembeni na kuutilia samadi. Ukizaa, vema. Usipozaa, utakatwa.

Angalia kwamba mtunza shamba habishani na hesabu. Hasemi miaka mitatu ni michache, hasemi bwana shamba hakutazama vizuri, wala hasemi mti ule ana hakika nao. Hajui kama utazaa, na anakubali kabisa kwamba huenda ukakatwa. Kitu kimoja tu anacho cha kuweka mezani, nacho ni mikono yake. Tumaini lake lina jembe na lina harufu ya samadi. Na jambo lingine, ambalo nililisoma mara nyingi kabla halijanigusa: Luka hatuambii mwisho. Hatujui kama mtini ulizaa. Yesu aliacha hadithi hapo, mtu akiwa ameinama anachimba.

Ukiitazama Arsenal ya Septemba ile kwa jicho hilo, utaona kwamba hawakuvumilia tu. Walichimba. Kiangazi kile hakuna klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza iliyotumia fedha nyingi zaidi kusajili, na karibu wote waliosajiliwa walikuwa vijana. Beki wa Kijapani, Takehiro Tomiyasu, alinunuliwa siku ya mwisho ya dirisha, siku tatu baada ya kile kipigo cha tano. Kocha alimweka benchi golikipa wa siku nyingi akamweka Aaron Ramsdale. Hata Aubameyang, aliyetutoa mkiani kwa bao lake, alivuliwa unahodha Desemba kwa sababu za nidhamu na ikifika Februari hakuwepo tena klabuni. Samadi nayo inanuka, na jembe hukata mizizi fulani.

Lakini nitakuwa si mkweli nikiishia hapo, kana kwamba kumvumilia kocha ndiko kuliko na baraka. Mwaka 2017 Crystal Palace, klabu nyingine ya London, ilianza msimu kwa kupoteza mechi nne bila bao hata moja. Haikuvumilia. Kocha Frank de Boer alifukuzwa akiwa na siku 77 tu kazini, akaletwa mzee Roy Hodgson, mwenye miaka 70. Naye akapoteza mechi tatu za mwanzo, bila bao. Saba mfululizo! Ya nane wakawafunga Chelsea, waliokuwa mabingwa, na mwisho wa msimu Palace ilikuwa ya 11. Basi kule walikata, na ikawa vema. Norwich nao walikata, isiwe kitu. Hakuna kanuni hapa ya kuweka ukutani. Wakati mwingine kinachohitaji kuondoka ni mtu mwenye jembe, ili jembe lishikwe na mwingine. Kinachobaki ni kwamba pale mambo yalipobadilika, palikuwa na mtu aliyeinama.

Na hapa ndipo linapokuja lile linalonisumbua kuhusu sisi mashabiki. Shabiki hana jembe. Subira yangu ya miaka 17 kwa Arsenal haikuwahi kumpasia mtu mpira. Nilivumilia kwa sababu sikuwa na la kufanya, na kuvumilia kwangu kulinigharimu kiingilio cha kibandani na usingizi kidogo. Ni subira rahisi. Sisemi ni mbaya. Kuna wema katika kutohama timu kila inapofungwa, na naamini moyo hujifunza kitu hapo. Ila tunapojisifu kwa subira hiyo tunajisifu kwa kitu cha bei ya chini, na hatari yake ni kwamba tunaweza kuimaliza yote huko, mahali ambapo haihitajiki, tukafika nyumbani mikono mitupu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwaka jana, baada ya mitihani ya Juni, alinifuata baba mmoja wa jumuiya yetu, shabiki mwenzangu, mtu ambaye Agosti ile ya 2021 alisimama mbele ya kibanda kizima akasema hata tukishuka daraja yeye haendi popote. Mkononi alikuwa na ripoti ya binti yake wa Kidato cha Kwanza. Mtoto alikuwa karibu na mkia wa darasa.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu mtoto kichwa hana. Naona nimtoe, akajifunze kushona kwa shangazi yake Moshi. Kwa nini nipoteze muda?"

Nikamuuliza darasa la saba alipataje. Alipata vizuri. Nikamuuliza alisoma kwa lugha gani. Akanitazama kama niliyeuliza jua linatoka wapi. "Kiswahili, Mwalimu. Shule ya serikali."

Kila mwalimu wa Kidato cha Kwanza katika nchi hii analijua jambo hilo. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anafaulu, anavaa sare mpya, na asubuhi moja ya Januari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Jiografia aliyoijua inakuwa ngeni. Anaulizwa swali ambalo jibu lake analo, ila hajui kwamba ndilo linaloulizwa. Miezi sita baadaye tunampa ripoti yenye nafasi na wastani, na ripoti hiyo haisemi uongo: alama ni alama, na zitamhesabia. Lakini aliyeisoma akahitimisha kwamba mtoto hana kichwa, ameisoma kama yule aliyetazama msimamo wa ligi bila kuuliza nani alikuwa majeruhi na walicheza na nani.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "Arsenal umeipa miaka 17. Huyu umempa muhula mmoja."

Hakucheka. Mimi nilidhani atacheka. Alinyamaza, akaikunja ile ripoti mara nne, akasema jambo ambalo nimelifikiria sana tangu hapo. Alisema Arsenal ikifungwa hakuna anayemuuliza yeye amefanya nini.

Nadhani alisema kweli kuhusu wengi wetu. Tunakuwa wepesi wa kukata pale tulipo karibu, kwa sababu pale mti usipozaa macho yanatugeukia sisi wenye mikono. Mchungaji mpya ana miezi mitatu tu usharikani, mahubiri yake hayajatulia, na tayari vikao vya pembeni vimeanza. Hatujiulizi kama kuna aliyekwenda kumkaribisha chakula. Kijana ameacha pombe, wiki ya tatu akaanguka, na tunasema tulijua. Hatusemi nani alikuwa anamsindikiza nyumbani jioni anapopita pale kwenye kilabu. Kutoa hukumu ya mapema ni njia nzuri ya kulisogeza jembe mbali.

Nina tahadhari moja, na ningependa isomwe kwa uzito kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Mfano wa mtini usichukuliwe na mtu yeyote kwenda nao kwa mwanamke anayepigwa nyumbani, kumwambia aendelee kusubiri, msimu ni mrefu. Nimesikia ikifanyika, tena na watu wenye Biblia mkononi. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja kwa ajili ya mti ambao kosa lake lilikuwa kutozaa. Hakuomba mti unaoangukia watu uachwe umesimama. Na kazi yote aliibeba mwenyewe. Kumtwisha anayeumizwa kazi ya kutumaini, sisi tukikaa pembeni kama mashabiki, ni kukwepa. Kazi yetu hapo ni kumtoa kwenye hatari, na anayepiga akabiliwe na wazee na sheria.

Kuhusu yule baba, tulikaa tukazungumza mpaka giza likaingia. Shida yake nyingine ilikuwa kwamba yeye mwenyewe Kiingereza hakijui. Aliishia darasa la saba. Angemsaidiaje? Nikamwambia si lazima akijue. Amnunulie kamusi, na kila jioni mtoto amsomee ukurasa mmoja wa kitabu cha shule kwa Kiingereza, kisha amweleze baba yake kwa Kiswahili ukurasa umesema nini. Asipoweza kueleza, watafute neno pamoja. Nusu saa tu. Akaniuliza jioni zenye mechi je. Nikamwambia nusu saa inaweza kutangulia mechi.

Alinunua. Mama wa nyumba ile aliniambia kanisani kwamba sasa baba naye ameanza kurusharusha maneno ya baiolojia mezani, hata wageni wakiwepo. Muhula wa pili binti alipanda kidogo, si sana. Hisabati ilizidi kushuka. Mwaka huu yuko Kidato cha Pili, na Novemba atafanya mtihani wa taifa. Sijui atapataje. Juzi nilipita kwao kama saa 1 jioni, nikawakuta wameinama wote wawili juu ya kamusi chini ya taa, baba akiwa amevaa miwani aliyoazima kwa mke wake, wakigombania maana ya neno. Sikutaka kuwakatiza, nikaendelea na safari yangu.